Asili ya Maneno ya Kiyunani na Kilatini, na Funzo Lake kwa Uchunguzi wa Kisagalla

Utangulizi

Mlima wa Sagalla umesimama kusini mwa mji wa Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Msemaji wa Kisagalla anapotumia Kiswahili hutamka maneno kama kalamu, kanuni, karatasi, sabuni, meza na stesheni. Yote hayo yalipitia Kiyunani au Kilatini kabla ya kufika mlimani. Jambo hilo linajulikana sana miongoni mwa wanaisimu. Lisiloulizwa mara nyingi ni hili: je, neno likishafuatwa hadi Kiyunani au Kilatini, huwa limefikishwa kwenye asili yake? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi huwa bado, na kwamba vipimo vinavyotumiwa kuchunguza lugha hizo mbili kongwe vinazifaa pia lugha ndogo za Taita.

Njia tatu za kuingilia

Maneno ya Kiyunani na Kilatini yaliingia katika Kiswahili kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni Kiarabu, kilicholeta kalamu (Kiyunani kalamos), kanuni (kanon), askofu (episkopos, yaani mwangalizi) na dinari (Kilatini denarius). Ya pili ni Kireno, kilicholeta meza (Kilatini mensa) na mvinyo (vinum). Ya tatu ni lugha za wakoloni wa baadaye: Kijerumani kilicholeta shule, ambayo chanzo chake ni Kiyunani skhole, yaani wasaa wa kupumzika, na Kiingereza kilicholeta stesheni, kutoka Kilatini statio, yaani kusimama. Kwa watu wa Sagalla neno hili la mwisho lilikuja na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kupita Voi.

Katika kupokelewa, maneno hayo yalitii sarufi ya Kibantu. Vinho la Kireno lilipewa kiambishi na kuwa mvinyo. Igreja, lenye maana ya kanisa, lilipoteza irabu ya mwanzo, likaongezewa irabu kati ya konsonanti zake, likawa gereza, na wingi wake magereza. Maana nayo iligeuka. Igreja linatoka katika Kiyunani ekklesia, yaani mkutano wa watu walioitwa, na neno kanisa, lililotufikia kwa Kiarabu kutoka Kiaramu, nalo kwa asili lina maana ya mkusanyiko. Hivyo maneno mawili yaliyoanza na maana moja yameishia pengine mahali pa sala na pengine mahali pa kifungo.

Urithi na mkopo

Mtafiti hana budi kutenganisha neno lililorithiwa kutoka lugha mame na neno lililokopwa kwa jirani. Kalamu na kanuni ni mfano mzuri, kwa kuwa yote mawili yalianza kama majina ya tete. Kalamos, yaani tete la kuandikia, ni neno la urithi katika Kiyunani. Ndugu yake katika Kilatini ni culmus, yaani bua. Kanon, yaani fimbo iliyonyooka ya kupimia, hutokana na kanna, na hilo Wayunani walilikopa kwa wasemaji wa lugha za Kisemiti, ambao tete waliliita qanu katika Kiakadi na qaneh katika Kiebrania. Kwa hiyo kanuni ilitoka kwa Wasemiti ikaenda kwa Wayunani, ikarudi kwa Waarabu, ndipo ikavuka bahari. Anayeiita neno la Kiarabu hakosei, wala anayeiita ya Kiyunani. Ila kila mmoja ametaja kituo kimoja tu cha safari.

Hali kadhalika katani, jina la nyuzi za mkonge unaolimwa huko Mwatate. Kiarabu kattan, yaani kitani, kina shina moja na Kiyunani khiton, yaani vazi la ndani; na Wayunani walilikopa neno hilo zamani sana, kwa kuwa limeonekana katika vigae vya udongo vya Maikene, ambavyo hati yake ilifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952. Sabuni nayo ni Kilatini sapo, lakini Plinius wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba kitu chenyewe kilibuniwa na Wagali.

Kipimo cha kutenganisha urithi na mkopo na sadfa ni ulinganifu wa sauti unaorudiarudia. Kilatini septem na Kiyunani hepta, yaani saba, ni ndugu, kwa sababu s ya mwanzo katika Kilatini hulingana na h ya Kiyunani katika maneno mengi mengine. Kinyume chake, Kilatini deus na Kiyunani theos yote yana maana ya mungu na yanafanana, lakini hayana udugu. Ndugu wa deus ni jina Zeus. Leo ya Kilatini, yaani simba, na leo ya Kiswahili hufanana kwa herufi zote, na hakuna awezaye kudai kwamba ni neno moja.

Lugha zilizonyamaza

Yapo pia maneno ya Kiyunani yasiyo ya urithi wala hayana mkopeshaji ajulikanaye. Majina kama Korinthos na Parnassos, na maneno kama labyrinthos, yana miishio isiyoelezeka kwa sarufi ya Kiyunani. Wataalamu huyahesabu kuwa masalio ya lugha iliyosemwa katika nchi hiyo kabla ya Wayunani. Wasemaji wake hawakuacha kitabu. Wameacha maneno vinywani mwa waliowafuata.

Taita inayo hali kama hiyo. Mwaka 1981 Christopher Ehret na Derek Nurse walichapisha makala juu ya Wakushi wa Taita, wakaonyesha kwamba Kidawida na Kisagalla zina maneno yaliyokopwa kutoka lugha za Kikushi cha Kusini ambazo hazisemwi tena milimani humo. Historia hiyo haikuandikwa na yeyote aliyeishi wakati ule. Shahidi aliyebaki ni msamiati wa wakulima na wafugaji wa Kibantu.

Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Kiyunani na Kilatini vina maandishi ya karne nyingi, hata neno lisiposemwa tena laweza kuchunguzwa. Kisagalla hakina akiba hiyo. J. A. Wray wa Church Missionary Society, aliyeanza kazi Sagalla mwaka 1883, alichapisha mwaka 1894 kitabu kidogo cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Lakini kitabu kidogo hakiwezi kubeba majina yote ya mimea, mifugo, vyombo na mahali. Msemaji anapoacha neno la Kisagalla na kushika la Kiswahili au la Kiingereza, lugha mbili hupungukiwa: Kisagalla chenyewe, na ile ya Kikushi ambayo haina kimbilio jingine.

Hitimisho

Imeonekana kwamba hakuna lugha, hata iwe na heshima namna gani, isiyokopa, na kwamba mkopo si dosari bali ni kumbukumbu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaipa Dola wajibu wa kukuza na kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya. Kwa idara za lugha, wajibu huo huanza na kazi ya unyenyekevu: kuyakusanya maneno ya Sagalla kwa wazee wanaoyajua, kuyaandika kwa matamshi yake halisi, na kuyapima kwa sheria za sauti kabla ya kuyatolea hukumu ya asili. Tete la kanuni lilihifadhiwa na waandishi wa mataifa manne. Maneno ya Sagalla yangali yanamngoja mwandishi.