Dokta wa kwenye simu: wazazi tunasemaje?

Mwezi huu tuliketi chini ya mwembe hapa Lobule, wilaya ya Koboko, sisi wenye watoto wa kifafa, wa usonji, wenye mtindio wa ubongo, na wale ambao mpaka leo ugonjwa wao haujapewa jina. Neno lilikuwa moja: mtoto kutazamwa na dokta aliye mbali, kwa njia ya simu. Tulifikiri tutamaliza haraka. Jua lilizama tukiwa bado pale.

Tuanze na njia, maana ndiyo inatuumiza. Kutoka Koboko mpaka hospitali ya rufaa ya Arua ni kama kilomita 55. Wakikuambia uende Kampala, Mulago ama Butabika, hiyo ni zaidi ya kilomita 500 ndani ya basi, na mtoto asiyevumilia kelele. Atalia, atajipiga kichwa, na abiria watasema mama hajui kulea. Kwa hiyo wengi wanaenda mara moja, hawarudi. Mtoto anabaki na dozi ile ile ya mwaka jana, na yeye kilo zimekwisha kuongezeka.

Wakati wa korona, Machi 2020, magari yalifungwa na ruhusa ya kumsafirisha mgonjwa ikawa inatoka kwa RDC. Waliokuwa na namba ya nesi walipiga, wakaulizia dozi. Hapo ndipo wengine tulijua kwamba simu nayo inatibu kidogo.

Akina mama wengi waliitetea. Huko hospitali mtoto anaogopa, anajificha chini ya meza, na dokta anaandika alichoona kwa dakika kumi. Nyumbani anaonekana jinsi alivyo: anavyopanga mawe kwa mstari, anavyoitwa jina asigeuke. Usonji haupimwi kwa damu. Unajulikana kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mzazi. Na kifafa, mara nyingi dokta hakioni kabisa, kinakuja usiku. Baba mmoja alikipiga video: macho yalivyogeuka, mkono upi ulianza kuruka. Dokta hakuuliza mengi siku ile.

Lakini mzee mmoja alikataa. Video hiyo ikishatoka kwenye simu yako, inakwenda wapi? Hapa watu bado wanasema ni uchawi, ama kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza (hayaambukizi, tuandike wazi). Nyumba zetu ni chumba kimoja. Ukiongea na dokta, jirani anasikia. Tena kwa lugha gani? Mama anajua Kikakwa na Kilingala, dokta anaongea Kiingereza, mkalimani ni kijana wake wa miaka 12. Dokta anauliza habari za uzazi, siku mtoto alipozaliwa ilikuwaje. Mama atayasemaje hayo mbele ya mwanawe?

Halafu simu yenyewe. Wengi tuna katochi tu. Laini tuliruhusiwa kusajili kwa kitambulisho cha mkimbizi ama barua ya OPM mwezi Agosti 2019. Kabla ya hapo wengi tulitumia laini za majina ya watu. Mega nazo zimewekewa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Picha ikikwama, pesa imekwenda.

Mwenzetu mmoja alipigiwa na dokta, akaambiwa abadilishe dawa ya mtoto. Akaacha ile ya zamani, akaenda kituoni kuchukua mpya: haipo. Siku nne mtoto alikaa bila kitu. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla, lakini nani alimwambia? Kifafa kikarudi kwa nguvu, mtoto akaangukia motoni. Kovu liko mkononi.

Basi, wengi wetu tulisema hivi. Mara ya kwanza dokta amshike mtoto kwa mikono yake. Baadaye simu, ila ndani ya chumba cha kituo, mlango umefungwa, kwa simu na sola ya kituo, na mkalimani awe mtu mzima, yule yule kila mwezi. Mzee wetu bado hataki video. Na mama wa mtoto mwenye kovu alisema atakubali simu siku atakapoona dawa kabatini kwanza.

Wenye mawazo mengine waje Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwembe ni ule ule. Akina baba, njooni ninyi wenyewe, msitume akina mama peke yao.