Bodi ya kujitolea: kinga ya mali na jina la asasi ya sanaa

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Wananchi wa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wana hazina kubwa ya sanaa za jadi, zikiwemo ngoma ya selo ya Wazigua na mdumange ya Wasambaa. Hata hivyo, kikundi chenye wachezaji hodari kinaweza kusambaratika mara mwanzilishi wake anapohama, kuugua au kufariki dunia, kwa sababu ngoma, mavazi na fedha vilikuwa nyumbani kwake na hakuna maandishi yanayoonesha kuwa ni mali ya kikundi.

Kinga dhidi ya hali hiyo ni bodi inayofanya kazi yake. Wapo wanaodhani kuwa ujumbe wa bodi ni heshima tu ya kukaa meza kuu siku ya maonesho. Ukweli ni kwamba mjumbe amekabidhiwa dhamana ya mali isiyo yake.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inalitambua shirika la aina hii kuwa ni umoja wa hiari, usiofungamana na chama cha siasa na usiogawana faida. Kutogawana faida hakuna maana kwamba msanii asilipwe kwa kazi yake. Maana yake ni kwamba ziada inayobaki hurejeshwa katika shughuli za asasi, wala wajumbe hawagawiani. Mjumbe hujitolea bila mshahara. Akisafiri kutoka Mombo kwenda kikaoni Chanika, anaweza kurejeshewa nauli kwa utaratibu uliopitishwa na kuandikwa.

Bodi na watendaji wana kazi tofauti. Bodi hupitisha mpango na bajeti, humteua mratibu na kumsimamia, na hupokea taarifa za mapato na matumizi. Mratibu hupanga mazoezi, safari na malipo ya kila siku. Mjumbe anayepokea fedha za maonesho na kuzitumia mwenyewe hawezi tena kuzikagua kwa haki, kwani wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Vivyo hivyo, mjumbe mwenye duka la vitambaa atangaze maslahi yake na atoke nje ya kikao wakati ununuzi wa mavazi unapojadiliwa, na muhtasari uoneshe hivyo.

Wakati mwingine bodi hulazimika kuhoji iwapo shughuli inayopendwa na wengi iendelee. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha za kutosha, kisha likarejea mwaka 2017. Kwa kikundi cha Mkata au Kabuku, swali ni lile lile kwa kiwango kidogo: je, safari ya maonesho ifanyike kwa mkopo ambao haujulikani utalipwaje? Asasi iliyosimama kwa muda inaweza kurudi jukwaani, lakini iliyouza ngoma zake kulipa madeni itarudi na nini?

Sheria hiyo pia inaitaka asasi kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na kuziwasilisha kwa Msajili. Usajili hufanyika kwa ngazi mbalimbali, kuanzia wilaya hadi taifa. Hivyo asasi inayokusudia kufanya kazi Handeni na Korogwe kwa pamoja izingatie ngazi ya mkoa. Maafisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri hutoa mwongozo wa usajili huo. Kwa masuala ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, wa kumwona ni Afisa Utamaduni.

Bodi imara huchanganya mzee anayezijua ngoma, mtu wa mahesabu, wanawake na vijana, wala haijazwi na ndugu wa familia moja. Mwananchi anayeombwa kujiunga nayo aombe kwanza kuona katiba, hesabu za mwaka uliopita na orodha ya mali. Iwapo havipo, kazi yake ya kwanza iwe kuhakikisha vinaandaliwa.