Kilemba cha Singasinga: Imani na Maana ya Vazi

Katika Kiswahili, kilemba si kitambaa tu. Mwanafunzi anapohitimu kwa fundi humpa kilemba. Katika posa, baba wa bibi arusi hutengewa kilemba chake. Na anayesifiwa kwa sifa asizostahili husemwa amevikwa kilemba cha ukoka. Yaani, Mswahili alikwisha kutambua tangu kale kwamba kilemba hubeba heshima, wajibu, na wakati mwingine hila. Ni ajabu, basi, kwamba mzungumzaji wa lugha hiyo hiyo akutanapo na Singasinga, aghalabu hukiona kilemba asiione maana yake.

Nafasi ya kuiona maana hiyo haiko mbali. Msafiri atokaye Kinanie, katika Kaunti ya Machakos, akaishika barabara kuu ya Mombasa, hupita Makindu, mji uliokuwa ndani ya Wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipotengwa mwaka 1992. Hapo pana gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926. Chimbuko lake ni reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza waliwaleta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka Bara Hindi ili kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga waliokuwa maseremala, wahunzi na waashi. Nchini Kenya watu hao waliitwa Makalasinga, jina linalosimuliwa kuwa limetokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani, Kala Singh. Jina la mtu mmoja likawa jina la umma mzima.

Dini yenyewe iliasisiwa Punjab na Guru Nanak (1469–1539). Mafundisho yake yanasimama juu ya nguzo tatu: kumkumbuka Mungu mmoja asiye na umbo, kuishi kwa jasho la halali, na kugawana na wengine kile kipatikanacho. Guru Nanak alikataa ubaguzi wa tabaka, na kwake mwanamke na mwanamume walikuwa sawa mbele ya Mungu. Baada yake walifuata maguru tisa. Wa mwisho, Guru Gobind Singh, aliacha agizo mwaka 1708 kwamba baada yake guru wa kudumu awe kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib.

Suala la vazi lina historia yake. Mwaka 1675, Guru Tegh Bahadur aliuawa mjini Delhi kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Masingasinga wanaamini kwamba alikufa akitetea haki ya Wahindu, watu wasio wa dini yake, kuabudu watakavyo. Mapokeo husema kwamba siku hiyo wafuasi wengi walijificha katika umati, kwa kuwa hapakuwa na alama ya kuwatambulisha. Mwaka 1699, mwanawe, Guru Gobind Singh, aliunda udugu wa Khalsa na kuwapa waumini sura isiyofichika. Wanaume walipewa jina la Singh, yaani simba, na wanawake Kaur, linalofasiriwa kuwa binti mfalme, ili majina ya ukoo yasiendelee kutangaza tabaka la mtu.

Anayeingia Khalsa huvaa alama tano, ambazo majina yake yote huanza kwa herufi K. Kesh ni nywele zisizokatwa, ishara ya kuyapokea maumbile kama Mungu alivyoyapanga. Kangha ni kitana cha mti, kinachokumbusha usafi na nidhamu. Kara ni bangili ya chuma, wala si ya dhahabu, inayouonya mkono usitende uovu. Kachera ni suruali fupi ya ndani, alama ya kujihifadhi kimaadili. Kirpan ni upanga mdogo, unaomkumbusha mvaaji wajibu wa kumlinda mnyonge. Kilemba chenyewe hakimo katika orodha hiyo. Kazi yake ni kuzisitiri nywele. Hata hivyo, ndicho kionekanacho kwanza, na kwa hiyo ndicho kibebacho heshima ya vyote. Si kila Singasinga ameingia Khalsa. Wapo wanaokata nywele na bado wakajihesabu kuwa waumini.

Kutokana na historia hiyo, kumwambia Singasinga avue kilemba shuleni au kazini si sawa na kumwambia avue kofia. Nchini Uingereza, mwanafunzi mmoja alikataliwa na shule kwa sababu ya kilemba, na mwaka 1983 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kuwa Masingasinga wanalindwa na sheria dhidi ya ubaguzi. Nchini Kenya, Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 2010 inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuidhihirisha dini yake, na inakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani. Ifahamike pia kwamba kilemba hicho kimo katika historia ya taifa lenyewe. Makhan Singh, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyedai uhuru hadharani mjini Nairobi mwaka 1950, aliwekwa kizuizini hadi mwaka 1961.

Kwa ufupi, vazi hili ni ahadi inayovaliwa hadharani: mwenye shida ajue ni nani wa kumwendea, na mvaaji asipate pa kujificha. Ahadi hiyo hupimwa Makindu, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo katika jiko la pamoja liitwalo langar. Kabla ya kuingia gurudwara, mgeni huvua viatu na kufunika kichwa. Kisha hula pamoja na wengine, pasipo kuulizwa kabila wala cheo. Kwa muda wa mlo mmoja, mtu wa Kinanie naye huwa amefunga kitambaa kichwani, na hicho si kilemba cha ukoka.