Mtoto akiuliza nani anamaliza maji ya Ruvu, usikimbilie kumjibu

Tuseme mwalimu wa sekondari katika Kata ya Magindu, Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, amewapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya hoja, wakusanye baada ya wiki mbili: "Mifugo ndiyo chanzo cha kupungua kwa maji ya Mto Ruvu. Jadili."

Mwanafunzi anafika nalo nyumbani jioni, na kabla hajafungua daftari ameshapewa jibu. Kama baba analima, jibu ni ndiyo, tena kwa sauti ya juu. Kama baba anafuga, jibu ni hapana, na kinachofuata ni simulizi ya pampu za wakulima zilizopangwa kando ya mto. Mama naye anakumbuka ujumbe uliotumwa kwenye kundi la ukoo, wenye picha ya ng'ombe wamejaa mtoni. Picha hiyo haina tarehe wala jina la aliyeipiga. Huenda hata mto wenyewe si Ruvu.

Mzazi anadhani amemsaidia mtoto, kumbe amemfungia kazi kabla haijaanza. Na hili si suala la alama peke yake. Kwenye vijiji vya Pwani, mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wanakaa dawati moja. Insha ikisomwa darasani ikiwa imejaa maneno ya kusikia, kuna mwanafunzi ambaye atakuwa anasikiliza baba yake akishtakiwa bila ushahidi.

Kazi ya kwanza, basi, ni kulivunja swali. Neno "ndiyo" katika swali la mwalimu limeshatoa hukumu, na "jadili" inamwambia mwanafunzi aipime hukumu hiyo. Maji yalipungua lini, na nani aliyapima? Mvua ilikuwaje mwaka huo? Ukiacha ng'ombe, nani wengine wanachukua maji? Mto Ruvu unaanzia Milima ya Uluguru, unapita Pwani na kuingia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo. Njiani kuna mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, inayosukuma maji kwenda Dar es Salaam na sehemu za Pwani. Mwanafunzi akishaliona hilo anagundua kuwa jiji zima limo ndani ya swali lake, ingawa mwalimu hakulitaja. Mwishoni mwa mwaka 2022, vuli ilipochelewa na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, viongozi walitaja ukame, na pia waliochepusha maji kwa kilimo na mifugo. Tayari hapo kuna sababu zaidi ya moja za kupimwa.

Maswali yakishaandikwa ndipo unapangwa muda, na hapa mzazi anahitajika kuliko anavyodhani. Wiki mbili zinaonekana nyingi mpaka zibaki siku tatu. Siku za mwanzo ziende kwa watu wa karibu, maana kuwafikia hakuna gharama. Jumamosi moja ihifadhiwe kwa maktaba. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, lina maktaba ya umma. Nauli ya kufika huko itafutwe mapema, sawa na bando la kutafuta taarifa kwenye simu. Mtoto anayeomba fedha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ataishia kunakili insha ya mwenzake.

Ugumu hasa uko kwenye kupima chanzo. Mzee aliyechunga kando ya mto kwa miaka 30 ni shahidi mzuri wa aliyoyaona: mifugo ilinyweshwa wapi zamani, bwawa gani lilikauka, mwaka gani walihama. Akianza kusema maji yamepungua kwa sababu ya fulani, hapo ameacha ushahidi na kuingia kwenye ubishi. Mkulima ni vilevile. Mwanafunzi aandike yote mawili, ila asiyachanganye. Swali la kumuuliza kila mtu, kwa adabu, ni fupi: "Shikamoo babu, hilo ulilijuaje?"

Ofisi nazo zipimwe hivyohivyo. DAWASA inajua kiasi cha maji inachosukuma, lakini yenyewe ni mtumiaji mkubwa wa mto huo. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, hivyo inaweza kusema nani ameruhusiwa. Anayevuta maji usiku bila kibali hayumo kwenye orodha hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina takwimu za mvua, ila haihesabu ng'ombe.

Halafu kuna takwimu za kweli zinazopotosha kwa uzee wake. Mwanafunzi akitaka kuonyesha watumiaji wa maji ni wengi kiasi gani, anaweza kukuta kwenye simu kwamba Mkoa wa Pwani una watu 1,098,668. Si uongo, ndiyo hesabu ya sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,024,947, karibu mara mbili. Asipotazama mwaka, ataandika kuhusu mkoa usiokuwepo tena. Programu za akili mnemba, ambazo vijana wengi wanazikimbilia siku hizi, zina hatari nyingine: zinaweza kutaja kitabu na mwandishi kwa kujiamini kabisa, na kitabu hicho kisiwepo popote. Kitabu ambacho mtoto hajakifungua kisiingie kwenye insha.

Siku ngumu nyumbani itafika pale ushahidi utakapomgeuka baba. Binti wa mfugaji anaweza kukuta kwamba kwato za ng'ombe wengi kweli zinabomoa kingo za mto na kuujaza tope. Mtoto wa mkulima atakuta mifereji isiyo na kibali. Baba akifoka, mtoto atajifunza kuficha alichokipata. Akimwambia, "Haya mwanangu, nioneshe ulipoyatoa," wote wawili wataendelea kusoma.

Insha ikamilike siku mbili kabla ya kukusanywa. Mtoto aipeleke kwa jirani wa upande wa pili, amsomee sehemu inayomhusu. Jirani akisema, "Hapa umeniwekea maneno ambayo sikuyasema," muda wa kurekebisha bado upo.