Kijana Aliyetembea kwa Macho

Paukwa! Haya, sogeeni karibu. Leo hakuna sungura wala fisi. Hadithi ya leo ni ya kweli, na mwenyewe ni kijana aliyekuwa akifanya kazi buchani katika kisiwa cha Jersey, baina ya Uingereza na Ufaransa. Jina lake Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, alishikwa na homa. Haikupita muda akawa amelala hospitalini: hawezi kusimama, hawezi kukaa, kijiko hakishikiki.

Wajukuu zangu, msikimbilie kusema alipooza. Utamu wa hadithi uko hapo hapo. Misuli yake ilikuwa mizima, na neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi kwenye misuli zilikuwa nzima pia. Akitaka mkono uinuke, uliinuka. Ila hakujua umeinuka kiasi gani wala umeelekea wapi. Pengine mkono ulijiendea wenyewe hewani ukampiga usoni, ndipo akajua kwamba umeondoka kitandani! Zilizoharibika ni neva zinazoleta habari. Kuanzia shingoni kwenda chini hakuhisi kuguswa, wala hakujua viungo vyake viko wapi. Maumivu, joto na baridi alivihisi, kwa sababu habari zake hupita kwenye neva nyingine, nyembamba zaidi.

Fikirieni lori linalorudi nyuma usiku. Dereva anakanyaga mafuta, injini inaitika, lakini utingo kanyamaza. Hakuna wa kugonga bodi na kupaza sauti, "Rudi, rudi, hapo hapo!"

Nyinyi mnao utingo, tena wengi. Ndani ya misuli yenu mna vipimio vidogo mno ambavyo hutoa taarifa kila msuli unapovutika. Kwenye kano, pale msuli unapojishikiza kwenye mfupa, mna vingine vinavyopima msuli unavuta kwa nguvu kiasi gani. Habari hizo hupanda kwa neva nene, zenye mwendo wa mita 70 hata 120 kwa sekunde. Maumivu yale ya kufukuta hujikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole unajua umegonga jiwe, unapata hata nafasi ya kuogopa, kisha maumivu ndiyo yanafika.

Habari nyingine hupata jibu njiani, kwenye uti wa mgongo, bila kuusubiri ubongo. Ukikanyaga mwiba, mguu umeshanyanyuka kabla hujasema "mama!" Uti wa mgongo hauombi ruhusa.

Lakini hata mwendo huo hautoshi. Tangu jicho lione kitu mpaka mkono uanze kuitikia, hupita karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Golikipa akisubiri ahakikishe mpira umefika wapi, atauokota wavuni. Kwa hiyo ubongo hubashiri. Kazi hiyo hufanywa zaidi na serebelamu, kipande kilicho nyuma ya kichwa, chini. Amri inapotoka, serebelamu hukisia mwili utahisi nini, kisha hulinganisha kisio hilo na habari zinazokuja, na makosa husahihishwa. Jitekenyeni wenyewe kwapani muone. Hamcheki, maana ubongo ulishajua kidole kinakwenda wapi.

Sherrington, mwanasayansi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeipa jina hisi hii ya mwili kujijua, mwaka 1906. Hata leo watoto wengi hufundishwa kwamba hisi ni tano tu. Mimi naona si haki.

Turudi kwa Ian. Aliambiwa angeishi kwenye kiti cha magurudumu. Hakukubali. Kama habari haziji kwa neva, atazipata kwa macho. Akiwa amelala, aliutazama mwili wake, akapanga kichwani kila msuli ufanye nini, mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja akaketi. Akafurahi mno, na furaha ikampotezea umakini, nusura aanguke! Kusimama na kutembea kulichukua miezi mingi. Taa zikizimika ghafla, alianguka chini kama alivyo. Hata hivyo alipata kazi ya ofisini na akaendesha gari. Daktari Jonathan Cole aliandika kitabu juu yake mwaka 1991, na katika jina la kitabu hicho akayafananisha maisha yake na mbio ndefu za kila siku.

Kuna jambo linalonishangaza kuliko yote. Watafiti waliifunika mikono ya Ian asiione, wakamwacha asimulie. Mikono ikacheza ikifuata maneno yake, kama yangu inavyocheza sasa hivi. Lakini kushika kitu asichokiona kulimshinda.

Hisi ile haikumrudia. Akipata mafua makali ya kumchanganya kichwa, alibaki kitandani, kwa kuwa kila hatua yake ilihitaji fikra.

Ukifika nyumbani, fumba macho, mwambie ndugu yako akushike kidole gumba cha mguu pembeni, akipandishe au akishushe kidogo tu, nawe useme kimekwenda wapi. Madaktari nao hupima hisi hii kwa njia hiyo hiyo.