Adabu za Meza ya Sarafu

Miongoni mwa jamii zilizomo katika nchi ya Marekani imo moja isiyofungamana kwa nasaba, wala kwa madhehebu, wala kwa mji, ila kwa mapenzi ya fedha kongwe. Nayo ni jamii ya wakusanyaji sarafu, ambao tangu mwaka 1891, tabibu George Heath alipowaita wenzake mjini Chicago wakaasisi chama chao cha taifa, wamekuwa na mikutano yao, istilahi zao, wazee wao wanaosikizwa, na kanuni za mwenendo ambazo nyingi hazikupata kuandikwa popote, lakini anayezivunja hujulikana kabla hajatoka ukumbini.

Mikutano hiyo ni ya kila kadiri. Chama cha taifa huwa na maonyesho yake makubwa mwezi wa Agosti, na wakusanyaji wa Florida wana yao mwezi wa Januari. Lakini mila zenyewe hudhihiri zaidi katika maonyesho madogo ya Jumamosi na Jumapili, yafanywayo katika kumbi za hoteli na za makanisa, ambako meza hupangwa safu kwa safu, na juu ya kila meza pana sanduku la kioo, taa ya kupinda shingo, na kipande cha mahameli. Sarafu ziuzwazo humo ni za namna mbili. Ziko zilizokwisha kupimwa na makampuni ya kutoa hati, mashuhuri yake yakiwa ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyofuata mwaka 1987, ambayo huithibitisha sarafu, huipa daraja, kisha huifungia ndani ya kijaluba cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa. Na ziko zile za wazi, zisizo na hati, zilizotiwa katika karatasi ngumu yenye dirisha la utando mwangavu, ambazo daraja lake ni tarakimu aliyoiandika muuzaji kwa kalamu yake mwenyewe. Hizi za pili ndizo ninazotaka kuzisemea, kwa kuwa mbele yake mnunuzi hana wakili: yuko yeye, jicho lake, na dhamiri ya mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Mnunuzi aliyefunzwa haichukui sarafu kabla ya kuomba ruhusa, wala haitoi katika karatasi yake ila mwenyewe amemkubalia. Na akiisha kukubaliwa, huishika kwa ukingo tu, baina ya kidole gumba na cha shahada, juu ya mahameli, ili ikiponyoka isipate jeraha. Wala hasemi huku ameiinamia, kwa sababu tone dogo la mate likitua juu ya fedha au shaba huacha doa ambalo baada ya miaka halitoki tena. Kwanza huitazama kwa macho matupu, akiigeuzageuza polepole chini ya taa, ndipo baadaye achukue kioo cha kukuzia; na mwenye kuanza kwa kioo huonekana kuwa mgeni, maana huziona dosari moja moja asiione sarafu.

Anachotafuta mwanzo ni nuru. Chapa inapoipiga fedha kwa nguvu za mashine, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni, yakaacha mistari myembamba mno isiyohesabika, na mistari hiyo ndiyo inayoufanya mwanga uzunguke juu ya sarafu mpya kama njiti za gurudumu. Nuru hiyo haitengenezwi mara ya pili. Sarafu ikisuguliwa kwa kitambaa, au kwa dawa ya kung'arishia, au kwa brashi ya nyaya inayozungushwa na mota, mistari ile hukatika. Ikabaki kumeta kwa namna nyingine, kumeta kwa sufuria, ambako asiyejua hukufurahia na ajuaye huirudisha sarafu mezani bila kusema neno.

Kisha hutafuta kulika. Dola ya fedha iliyochorwa na George Morgan, iliyofuliwa tangu mwaka 1878 hata 1904 na tena mwaka 1921, huanza kulika kwenye nywele zilizo juu ya sikio la bibi aliyechorwa upande mmoja, na upande wa pili kwenye kifua cha tai. Na humo, katika eneo lisilozidi punje ya mchele, ndimo inamoamuliwa kama sarafu imepita mikononi mwa watu au haikupita. Makovu ni habari nyingine. Dola hizo zilitiwa katika magunia ya sarafu 1,000, zikalala katika hazina ya serikali miaka mingi, nyingine hata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila gunia lilipohamishwa zikagongana. Basi dola ambayo haikupata kununua hata mkate yaweza kuwa na shavu lililojaa michubuko, na michubuko hiyo isihesabiwe kuwa ni uchakavu, bali ishushe daraja lake ndani ya safu ya sarafu mpya.

Madaraja hayo huhesabiwa kutoka 1 hadi 70, na 60 ndipo inapoanzia sarafu isiyotumika. Mizani hiyo aliiweka William Sheldon, mwanasaikolojia, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani, akikusudia kwamba daraja lilingane na bei. Na ni ajabu yenye kuhuzunisha kwamba mtu huyo, ambaye jamii nzima hupimia kwa kipimo chake, alikuja kubainika baada ya kufa kwake mwaka 1977 kuwa aliziiba senti bora za chama cha wataalamu wa sarafu cha New York, akaweka mahali pake senti zake zilizo duni. Kipimo kimebaki kwa kuwa kinafaa. Lakini kisa hicho chawakumbusha wote kwamba elimu ya jicho haimdhamini mtu uaminifu wake.

Katika kupatana bei, adabu ni nyingi. Maadamu mtu ameishika sarafu mkononi, mwingine hana haki nayo, hata kama ana fedha maradufu, mpaka iwekwe chini. Muuzaji akiwa ameandika 64 na mnunuzi anaona 62, hambishii wala haitii ila bidhaa yake mbele ya watu. Hutaja tu bei ya 62, na mwenziwe hufahamu. Huuliza bei ya mwisho mara moja, na akishaikubali kwa ulimi, biashara imekwisha, na kurudi nyuma ni aibu. Na mgeni anayemwuzia mtu sarafu akiwa amesimama mbele ya meza ya muuzaji mwingine, huyo amevunja heshima ya meza, kwani mwenye meza ameilipia.

Ughushi nao upo. Senti ya mwaka 1909 ya San Francisco yenye herufi za mchoraji wake Victor David Brenner ilifuliwa vipande 484,000 tu, ilhali zile za Philadelphia ni nyingi mno; basi kuna mafundi wanaobandika herufi S, alama ya San Francisco, juu ya senti ya Philadelphia. Sheria ya mwaka 1973 yalazimisha kila nakala itiwe alama ya unakala, lakini mwenye nia mbaya hatii alama. Kwa sababu hiyo mnunuzi makini akiikuta sarafu ya thamani kubwa imekaa wazi, hujiuliza kwa nini haikupelekwa kupimwa, maana mara nyingi imekwisha kupelekwa, ikanyimwa daraja kwa kuwa ilisuguliwa. Hata hivyo nawaunga mkono wanaoendelea kununua sarafu za wazi, kwani anayenunua tarakimu iliyobandikwa juu ya plastiki amenunua maoni ya mtu mwingine, na akiishi hivyo miaka ishirini atakuwa na mali asiyoijua.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna fungu letu katika meza hizo. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, waliyoifua Wajerumani Tabora mwaka 1916 walipokuwa wamezingirwa na vita, hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani; na pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, yenye picha ya mizani, pamoja na riale ya Maria Theresa, zingaliko katika makasha ya nyumba nyingi. Basi, ewe msomaji, ukirithi kasha la namna hiyo, usizisugue sarafu zake kwa ndimu, wala ukwaju, wala jivu, kwa kutaka zipendeze machoni pa mnunuzi. Zifunge katika karatasi kavu kama ulivyozikuta, weusi wake na yote, umwonyeshe mjuzi kwanza.