Oili ya Giaboksi ya Otomatiki Kati ya Mbinga na Mbamba Bay

Barabara inayoshuka kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huipa giaboksi ya otomatiki kazi nzito, hasa gari linapopanda likiwa na mzigo, kwa sababu joto huzidi na oili, ambayo hulainisha vyuma na pia kusukuma mifumo inayobadilisha gia, huchakaa mapema.

Katika Toyota nyingi za zamani zilizotoka Japani zikiwa zimetumika, kipimo cha oili hiyo ni kijiti maalumu, ambacho husomwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata joto na inaunguruma, baada ya mkono wa gia kupitishwa taratibu katika kila nafasi na kurudishwa P. Oili ambayo bado ni nzuri huwa nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kubadilisha oili peke yake huenda kusitibu ugonjwa.

Anayebadilisha oili nyumbani huweka gari juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake haiaminiki, kisha hupima oili iliyotoka ili arudishe kiasi kilekile cha aina iliyotajwa na mtengenezaji. Sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, hivyo kumwaga mara moja hakuimalizi. Oili chafu huhifadhiwa dumuni, isimwagwe kwenye vijito viendavyo ziwani.